Nani Alianza, Ng'ombe Wako au Kuku Wangu?

Mpendwa dada Minza wa Sibwesa,

Kabla ya yote nikiri kwamba sijui nakuandikia ukiwa wapi. Nilipokufuata Sibwesa nilikuta mmeshahama na ng'ombe wenu wote, na mama niliyemuuliza alinionyesha mlikoelekea kwa kidevu tu, upande wa kusini, kisha akaendelea kupeta mpunga wake. Kusini ni kukubwa, dada. Kwa hiyo barua hii naiweka mahali pa wazi, kwenye blogu yangu, asome anayetaka. Natumaini kati ya wasomaji atakuwemo binti yako Kulwa, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye simu, naye atakaa karibu yako akusomee. Kulwa, kama ni wewe, soma polepole. Mama yako hapendi kuharakishwa.

Labda utauliza blogu ni kitu gani. Ni zile kadi zetu za salamu, ila mtangazaji ametolewa katikati. Unaandika, na ukimaliza tu imeshafika kwa watu, hakuna kusubiri treni. Mimi naandika habari ndogondogo za hapa Mpanda: nani amepaka duka lake rangi gani, mbuzi wa nani amepanda juu ya bodaboda, mvua imemkuta nani na nguo kambani. Nina wasomaji, si haba, na wengine huniuliza nimejifunza wapi kuandika hivi.

Sasa mwenzangu mmoja wa Sumbawanga, anaitwa Edina, naye ana blogu, ameanzisha jambo. Kila mwenye blogu amtaje mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyomfanya na yeye ashike kalamu. Halafu ameweka sharti: kumtaja hakutoshi, lazima mwenyewe aambiwe. "Mtu asije akafa hajui alichopanda," ameandika Edina, ambaye hupenda kututisha kidogo. Wenzangu walimaliza haraka. Fulani kamtaja fulani, fulani kajibu kwa furaha, wakapongezana. Mimi nimebaki na ukurasa mtupu. Si kwamba jina sina. Jina ninalo, ni lako. Lakini kukuambia nilishajaribu mara moja, na yaliyotupata siku ile unayajua. Mpaka leo sijui kama mimi ndiye niliyepaswa kukushukuru wewe, au wewe ndiye uliyepaswa kunishukuru mimi, na bila kulijua hilo naona kama nitadanganya watu.

Ngoja nianze mwanzo, maana wanaotusoma hawatujui.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda bado ikiwa Rukwa, hakuna aliyeota mkoa unaoitwa Katavi. Mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Majengo, kwenye kibaraza cha shangazi yangu, nashona sare za shule na magauni ya Idi na Krismasi. Redio ilikaa juu ya kiti pembeni ya cherehani, na betri zake nilikuwa nazianika juani ili zipate nguvu kidogo. Kipindi cha salamu kikianza mchana, hata mteja aliyekuja kugombana kuhusu suruali yake alinyamaza kwanza, ugomvi ukaendelea baadaye.

Vijana hawajui, kwa hiyo nieleze. Ulikuwa unanunua kadi, unajaza jina lako la salamu, unaorodhesha ndugu na marafiki unaowasalimu, na chini kabisa unaandika ujumbe. Kadi inasafiri mpaka redioni, mtangazaji anaisoma, na nchi nzima inasikia kwamba wewe upo. Na ilikuwa sheria yetu watuma salamu, ingawa hakuna aliyeiandika: ukisalimiwa, unajibu. Salamu isiyojibiwa ni kama mgeni aliyebisha hodi akaachwa nje. Mimi nilijiita Fundi Tatu wa Majengo. Wewe ulikuwa Minza Maziwa Mgando wa Sibwesa.

Ujumbe wa watu wengi ulikuwa uleule. Subira yavuta heri. Umoja ni nguvu. Mapenzi ni kikohozi hayafichiki. Ungeweza kumalizia mwenyewe kabla mtangazaji hajafika mwisho. Ndipo siku moja nikiwa natoa uzi kwenye pindo, nikasikia yako. Uliwasalimu watu wa kwenu, wakimpata na baba Kulwa wamsalimu, kisha mtangazaji akasoma: "Ujumbe wangu. Leo ng'ombe wetu mwekundu amegoma kuvuka mto. Amesimama majini akageuka kutazama nyuma. Na mimi nikageuka. Hapakuwa na kitu."

Mtangazaji akacheka. "Haya, mama Minza, huo nao ni ujumbe?" Akapiga wimbo. Mimi sikucheka. Nilisimamisha cherehani nikageuka kutazama nyuma yangu, ukuta wa shangazi, picha ya kalenda, na ndoo. Dada, hapakuwa na kitu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaruhusiwa kusema jambo kama hilo redioni, jambo lisilofundisha wala kuonya, ambalo limetokea tu.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wako. Majirani wakinieleza habari ya harusi, mimi nasikiliza redio. Nilisikia ya mbwa wenu aliyewafuata watu wa kanisani mpaka madhabahuni. Nilisikia ya mvua iliyonyesha upande mmoja wa zizi. Nilisikia ya Kulwa alipopotea, mkamtafuta kutwa, kumbe yuko ndani ya kihenge amelala juu ya mahindi. Na mimi nikawa naandika zangu. Muuza karanga wa stesheni amevaa viatu visivyofanana na hakuna aliyemwambia, na mimi pia sijamwambia. Kuku wa shangazi ametaga juu ya cherehani, kwenye suruali ya mwalimu, na mwalimu anaihitaji jioni.

Kukusalimu wewe mwenyewe sikuthubutu. Ni kichekesho, kwa sababu watuma salamu tulisalimiana na watu tusiowajua kila siku, na wengine walioana kwa njia hiyo. Lakini wewe nilikuona mkubwa. Na kwa kuwa sauti yako sikuwahi kuisikia, maneno yako yakiwa yanapita kinywani mwa mtangazaji, nilikutengeneza mwenyewe kichwani: mama wa Kisukuma mrefu, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa kusimamisha ng'ombe kwa kukohoa tu. Kumbuka hilo la mabega, maana ndilo lililoniponza.

Ukaja ule mwaka ambao chama chetu cha watuma salamu kiliamua kuwakutanisha wanachama wa wilaya nzima. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa na mimi nilikuwa nimechoka na sare. Tuliwajulia hali wagonjwa hospitalini asubuhi, kisha tukakusanyika kwenye ukumbi, soda kwenye beseni la maji, mabenchi yamepangwa. Katibu wetu akasoma majina ya wageni wa mbali. Kasokola wapo. Sibwesa yupo. Nikanyanyua shingo kumtafuta mama mrefu.

Na wewe ukasimama. Dada Minza, nisamehe, lakini nilidhani ni mtoto wa mtu. Ulinifika kwapani. Ulikuwa umeshuka kwenye lori la mpunga, vumbi mpaka kwenye nyusi, umekumbatia kibuyu cha maziwa mgando ambacho kilikuwa kama nusu yako.

Hukungoja hata uitwe. Ulisema, "Mimi nimekuja kwa mtu mmoja. Huyo Fundi Tatu ni yupi?" Wakanionyesha. Ukaja moja kwa moja, ukapiga goti kidogo mbele yangu, mimi niliyekuwa mdogo kwako, ukaniwekea kibuyu miguuni. "Wabeja, mayu," ukasema. "Asante, mama. Mimi kutuma hivi ninavyotuma nimejifunza kwako. Nilisikia ile ya kuku wa kwenye cherehani, nikasema kumbe inawezekana. Ndipo nikaandika ya ng'ombe mwekundu."

Nilikuwa na furushi langu chini ya benchi, nimejiandaa kwa siku nyingi kusema maneno hayohayo kwako. Nikasema, "Hapana, dada. Mimi ndiye nimejifunza kwako. Ng'ombe alitangulia. Kuku nilimwandika baadaye."

"Kuku alitangulia," ukasema.

"Ng'ombe."

"Mayu, mimi kuku nimemsikia kwa masikio yangu, ndipo nikaandika ng'ombe."

"Na mimi ng'ombe nimemsikia kwa masikio yangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Katibu akapiga makofi. "Nyie kina mama, mbona mnagombania shukrani? Wenzenu wanagombania viwanja!" Wakazidi kucheka. Nilikuona uso ukibadilika. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikadhani dawa ni zawadi. Nikafungua furushi, nikatoa gauni nililokushonea kwa kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikalikunjua mbele yako. Dada, lile gauni lingewatosha wawili kama wewe na Kulwa juu. Kuna mtu kule nyuma alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

Ulisimama pale umelishika. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, na naisikia mpaka kesho, "Nimetoka Sibwesa juu ya magunia, nakushukuru, unanikatalia mbele za watu. Sasa na hili? Mmeniita mnicheke?"

Nilisema hapana. Nilisema nilidhani wewe ni mnene. Hiyo nayo haikusaidia.

Uliondoka na lori lilelile. Gauni ulilikunja ukaliweka kwapani, hukulitupa, hilo niliona. Kibuyu kilibaki miguuni mwangu.

Usifikiri sikutafuta ukweli. Kesho yake nilikaa na katibu tukajaribu kuhesabu ni kadi ipi ilitangulia, na ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kweli. Wewe kadi zako ulikuwa unampa mtu yeyote anayekuja mjini, naye pengine anakaa nayo mfukoni mpaka amalize shughuli zake. Zangu nilizipeleka posta mwenyewe. Zote zilipanda treni, na masika njia ikikatwa na maji, mifuko ya barua ilikuwa inalala njiani, ya mbele inakuwa ya nyuma. Zikifika huko, mtangazaji anachota kutoka kwenye rundo. Kadi ya masika ilikuwa inasomwa kiangazi, na ya kiangazi inasomwa kabla yake. Na betri zangu zilikufa mara ngapi? Na za kwako? Kuku wangu angeweza kusomwa siku ambayo mimi redio yangu imenyamaza, ng'ombe wako akasomwa siku ambayo yako imenyamaza. Tuliyoyasikia ni ya kweli, wewe yako na mimi yangu. Katibu alichoka, akasema, "Fundi, haya ni ya kuku na yai. Acha." Lakini mimi nakumbuka nilimwandika kuku baada ya kumsikia ng'ombe. Nakumbuka kabisa. Ila kuna siku naamka nakumbuka vingine, nakumbuka yai lile likiwa la moto kwenye suruali na mimi nikiandika bila kuwa nimemsikia mtu yeyote.

Baada ya hapo kimya. Sikusikia jina lako tena redioni. Na mimi niliacha kutuma. Nikishika kadi, nikifika kwenye ujumbe, naona aibu ile ya ukumbini inakuja, na kalamu inakuwa nzito.

Kisha njia ya treni ilipotengemaa baada ya mvua, mchana mmoja nikiwa na mteja mbele yangu, mtangazaji akasema, "Tunaye Minza Maziwa Mgando wa Sibwesa." Mkasi ulinianguka. Kadi ilikuwa na jina moja tu. "Namsalimu Fundi Tatu wa Majengo, Mpanda. Ujumbe wangu. Sketi ya shule ya Kulwa imemzidi. Wote wanasema ipunguzwe. Mimi sipunguzi. Atakua."

Wimbo ukapigwa. Mteja akaniuliza, "Fundi, mbona unalia?" Nikamwambia ni vumbi la kitambaa.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo nimekwama miaka yote hii. Kadi ile uliandika lini? Kama uliiandika kabla ya kukutana, basi ni salamu ya mtu aliyekuwa bado ananipenda bila kuniona, na sketi ni sketi tu ya Kulwa, mwezi wa shule kufunguliwa. Kama uliiandika baada ya lori kukurudisha Sibwesa, basi sketi si sketi. Ni lile gauni langu. Ulikuwa unaniambia umelipokea na yameisha. Nilijaribu kuzipima siku, nikashindwa. Zote mbili zinawezekana.

Kwa kutojua nikashindwa kujibu. Nikijibu, "Nashukuru umelipokea gauni," na kumbe uliandika kabla, utaona nakukumbusha aibu. Nikijibu habari za Kulwa na shule tu, na kumbe ulikuwa unanisamehe, utaona nimekukatalia tena mbele za nchi nzima. Nikasema nitakuja mwenyewe Sibwesa, nikurudishie kibuyu chako kikiwa na kitu ndani, niangalie uso wako nijue. Ikawa leo, ikawa kesho, sare hizi na harusi zile. Nilipofika, boma lenu lilikuwa miiba mikavu na samadi, na yule mama na kidevu chake. Nilirudi na kibuyu mapajani. Maharage niliyojaza ndani nilikuja kuyapika mwenyewe, na hayakuwa na ladha.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyesalimia mwisho, na mimi sikujibu. Sisi wawili tunajua maana yake.

Leo cherehani bado ipo, ila macho hayapendi tena kutunga uzi, na jioni naandika kwenye simu. Nikiandika ya mbuzi wa kwenye bodaboda, najisomea nasema, huyu ni Minza kabisa. Halafu nakumbuka ulivyopiga goti na kusema umejifunza kwangu, basi nasema, kumbe ni mimi. Halafu nacheka, halafu sicheki. Sijui sentensi ipi ni ya nani. Edina nimemuuliza, akanijibu, "Dada Tatu, weka jina la mmoja tu, usituchoshe." Yeye ni mtu wa sharti moja, jibu moja. Hajawahi kusubiri treni ya Mpanda.

Nimekaa na hili, nikaliacha, nikalirudia. Aliyeanza simjui na sitamjua, na wewe ukiwa hai huko kusini hutamjua pia. Lakini kuna jambo moja halitegemei kadi ipi ilitangulia. Ulikuja ukaniletea shukrani, nikakataa kuipokea kwa sababu nilikuwa na yangu mkononi. Ningeweza kupokea yako kwanza, kisha nikakupa yangu. Mtu ana mikono miwili. Sijui kwa nini siku ile sote tuliona kwamba shukrani ni mlango wa kupita mtu mmoja.

Kwa hiyo Edina na wenzangu wote wa blogu wanisikie. Aliyenifanya niandike ni Minza Maziwa Mgando wa Sibwesa, na yeye alisema aliyemfanya aandike ni mimi, na leo sibishi. Nasema ndiyo. Ng'ombe wako mwekundu yupo katika kila ninachoandika, na kama kuku wangu yupo katika ng'ombe wako, karibu, wabeja, nimepokea. Kibuyu chako nakitunza. Mwenye kuwajua aniambie mlipo, safari hii sitasubiri harusi ya mtu.

Kulwa, hapa msomee mama kwa sauti, kama yule mtangazaji wetu alivyosoma. Mimi Fundi Tatu nikiwa hapahapa Majengo, Mpanda, namsalimu Minza peke yake, na ujumbe wangu ni huu.

Salamu zako zilifika. Zilikuwa zimenizidi. Sikupunguza.

Ni mimi, mdogo wako,
Fundi Tatu wa Majengo